Sarafu Kwenye Kibuyu cha Mama

Biharwe, 3 Februari 2025

Yaya Nyirabahire, dada yangu,

Usishtuke kuona barua. Simu nimeiacha makusudi. Wewe simu unaiweka sauti kubwa, unaiegemeza kwenye gunia la mchele, halafu kambi nzima ya Misiera inasikiliza mambo yangu huku ikichagua nyanya. Kwa hiyo nimempa Musoni, dereva, bahasha hii na hicho kifurushi cha kitambaa. Funga mlango wa duka kwanza, ndipo ukifungue.

Umefungua? Hiyo ni sarafu ya fedha halisi, madini yenyewe. Gramu mia tatu na kumi na moja, pana kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usiiume. Najua unataka kuiuma. Imetoka Ulaya, na sokoni hainunui hata kiberiti. Watu wanainunua ili wakae nayo, na kadiri wanavyokaa nayo bei inapanda. Nimeipata kwa Ngoga, fundi wa saa hapa Mbarara mjini, mwenye kuuza pia vito. Akiba yangu yote imeishia hapo.

Ngoga anazo nne nyingine kama hiyo, aliuziwa na mfanyabiashara mmoja aliyehama. Nataka kuzikusanya. Bado naamua, lakini upande mmoja wa kichwa changu umeshaamua. Mtamba wangu, yule aliyezaliwa na ng'ombe tuliyepewa na Mzee Yonatani, yuko Kabingo anakula majani bure. Tumuuze, atanunua mbili. Najua aliwekwa kwa ajili ya mahari yangu ya kumwoa Shimwa. Basi sarafu ndizo zitakuwa mahari.

Nitunzie hiyo ya kwanza. Chumbani kwangu tunalala watu wanne, na mmoja wao anaiba hata sabuni iliyolowa.

Mdogo wako,
Muhire


Misiera, 6 Februari 2025

Muhire, mtoto wa mama,

Nimefunga mlango kama ulivyoagiza. Wateja wawili wameondoka wakaenda kununua chumvi kwa Kantengwa, ambaye sasa ataringa wiki nzima. Asante.

Nimefungua kifurushi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Miaka miwili unapima maziwa ya watu kwenye kituo chenu, unatumbukiza kile kioo chako cha kupimia, unamrudisha bibi kizee nyumbani na ndoo yake kwa sababu ametia kikombe cha maji. Halafu wewe mwenyewe unatoa akiba yako unanunua kifuniko cha sufuria! Na nimeiuma. Ulidhani nitaacha?

Niambie, inakunywa maji? Ukiipigia mluzi, inakuja? Mgeni akifika kwangu nimpe nini, nimlambishe? Na siku ya kwenda kwa baba yake Shimwa utasemaje? "Mzee, hizi hapa mbili, na hii moja ina mimba"? Watatupa chai, watacheka tukishatoka, na mimi nitakuwa nimevaa kitenge changu kizuri kwa ajili ya kuchekwa.

Halafu unaandika "mtamba wangu" kama mtu anayeandika "mwavuli wangu". Unajua rangi yake? Tangu azaliwe hujakanyaga Kabingo, na kutoka Biharwe si mbali. Baba alikuwa akitambua ng'ombe wake kwa kukohoa tu. Wewe umekuwa mtu wa mjini, maziwa unayaona kwenye tangi la chuma, mnyama mwenyewe umemsahau.

Jibu langu ni hapana. Hauzwi.

Sarafu yako nimeitia ndani ya kibuyu cha Mama, kile tulichotoka nacho kwetu Minembwe. Hakuna mwizi atakayetia mkono ndani ya kibuyu cha maziwa cha mwanamke, hata mwizi wa sabuni. Kesho ni siku ya kufukiza vibuyu kwa moshi na kila wiki nitafukiza kama kawaida, sitaitoa. Ikae humo ijifunze harufu ya mali.

Yaya wako,
Nyirabahire


Biharwe, 17 Februari 2025

Yaya,

Umemaliza kucheka? Bon. Sasa sikiliza.

Mali yetu ilikuwa na miguu, ndiyo maana iliondoka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimejificha kwenye mahindi, na nikaona ng'ombe mia moja na nne wakipita mchana kweupe, wakiswagwa na watu wenye bunduki waliokuwa wanapiga soga. Mali inayolia, adui anaisikia toka kilima cha pili. Baba akawafuata ng'ombe wake na fimbo. Fimbo ndiyo iliyorudi, imebebwa na mtu mwingine. Kama mali ya Baba ingekuwa mfukoni mwake, leo angekuwa hapa, anatutukana sote wawili.

Na wewe umejifunza nini? Hata kidogo! Umekaa kambini miaka kumi na miwili kwenye kiwanja ambacho mbuzi akigeuka mkia unaingia kwa jirani. Unauza nyanya na mchele. Lakini ukifungua mdomo, unaongea kama mtu mwenye zizi la ng'ombe mia. Ng'ombe gani, Yaya? Mnaye mmoja wa kupewa, kwenye shamba la watu, na mtamba wake. Hiyo ndiyo mali mnayoivimbia.

Tena nikuulize. Mwaka jana pikipiki iliponivunja mguu hapa kwenye barabara ya Masaka, hao ng'ombe walifanya nini? Walikuja kunitazama wodini? Ni shirika la misaada lililonilipia upasuaji, vyuma viwili na misumari minane, watu ambao hata majina yao siyajui. Ningengoja ng'ombe, sasa hivi ningekuwa natambaa. Kila Jumapili nawaombea watu wa lile shirika kanisani. Sijawahi kumwombea ng'ombe.

Nimempigia Mzee Yonatani. Ng'ombe wa kupewa hauzwi wala mtoto wake hauzwi bila aliyemtoa kujua. Mila naijua, usinifundishe. Nilipomwambia nataka kumuuza mtamba, alikohoa, akasema mtandao mbaya, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana. Mmeshikana mikono, nyinyi watu wa zamani.

Ngoga ananingoja mpaka katikati ya Machi. Ukikataa tena nitakwenda Kabingo mwenyewe, nimfunge kamba, nimpeleke mnadani. Ni wangu.

Muhire


Misiera, 2 Machi 2025

Muhire,

Naandika huku mkono mmoja ni mchafu, utaona alama za vidole pembeni ya karatasi. Zinuse.

Leo nimetia mkono kwenye kibuyu cha Mama kutazama mali yako inavyonenepa. Nimetoa kitu cheusi kama sufuria ya maharage ya shule. Nimekisugua na kitenge, weusi haukutoka. Nimekisugua na sabuni, kikacheka. Fedha halisi, Ulaya, gramu mia tatu na ngapi sijui! Umeuziwa chuma kilichopakwa rangi, mdogo wangu. Fundi wa kupima maziwa! Maji kwenye ndoo ya bibi kizee unayaona, masizi kwenye mfuko wako huyaoni.

Nimemwita Kantengwa akaona. Kantengwa akawaita wanawake wa kwaya, nao wakaona. Mmoja ameuliza kama unauza na sahani. Usinilaumu, hapa kambini kitu cha kuchekesha hakifichwi, ni kichache sana.

Nakurudishia kwa mkono wa Musoni. Mpelekee mwizi wako, akupe pesa yako kabla hajahama kama yule mwenzake. Na mtamba abaki alipo. Usiende Kabingo. Kuna karantini huko, ugonjwa wa midomo na kwato, mashamba yamefungwa na askari wanarudisha watu. Mzee Yonatani mwenyewe anapita kwa shida.

Tulia, fanya kazi yako. Mke utaoa kwa ng'ombe kama watu.

Nyirabahire


Biharwe, 11 Machi 2025

Yaya,

Umeshinda. Furahi, waambie na wanawake wa kwaya.

Nilikwenda kwa Ngoga siku ya Ijumaa, duka limejaa watu. Nikaigonga ile sarafu juu ya kioo cha meza. Nikapaza sauti: "Mwizi wee! Fedha gani inageuka masizi?" Watu wote wakageuka. Ngoga akaichukua, akaigeuza huku na huku, akainusa. Aliinusa, Yaya, kama mtu anayenusa mboga! Halafu akatabasamu, akafungua droo, akanirudishia pesa yangu yote, haikupungua hata noti moja.

Hakubishana. Hapo ndipo nilipojua kwamba kweli ni mwizi, maana mtu asiye na kosa hupiga kelele. Alianza kusema, "Ssebo, tulia kidogo nikueleze." Nikamwambia amweleze mama yake. Nikatoka.

Pesa ile nimemnunulia Shimwa cherehani, kabla sijapata ujinga mwingine. Sikusanyi tena kitu. Mtamba abaki. Mwambie Mzee Yonatani mtandao umepona, anaweza kupokea simu zangu.

Muhire


Biharwe, 20 Oktoba 2025

Nyirabahire,

Leo sikuiti Yaya.

Nimepita kwa Ngoga, saa ya Shimwa imekufa na kwingine wamenidai pesa nyingi mno. Niliingia kichwa chini. Kwenye kabati lake la kioo nikaiona, inang'aa kama siku ya kwanza. Sarafu yangu. Nimeitambua kwa ukingo wake, kuna alama ya jino lako. Jino lako, mwanamke!

Nikamuuliza. Akanijibu taratibu, kama unavyomjibu mtoto. "Chuma cha kupaka rangi hakifanyi vile. Fedha halisi ukiiweka kwenye moshi siku nyingi, inageuka nyeusi. Ilikuwa inanuka moshi wa kibuyu, hata bibi yangu alikuwa na kibuyu. Niliisafisha kwa maji moto na magadi, haikufika nusu saa. Nilitaka kukueleza, ukamtukana mama yangu." Ndivyo alivyosema, na watu walikuwepo. Zile nne zimeshanunuliwa na mtu wa Kampala. Na bei? Tangu Machi imepanda zaidi ya nusu yake. Hata hii moja siiwezi tena.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa na akili! Na nimeiacha akili yangu kwa ajili ya mwanamke asiyejua tofauti ya fedha na masizi. Wewe ndiye unayenifanya niishi kama fukara. Umekumbatia vibuyu vitupu, unafukiza hewa kila wiki, na ukiona kitu usichokijua unaita kwaya wacheke. Ujinga wako una kelele. Afadhali ungekuwa mjinga wa kimya.

Basi tumemalizana. Jumamosi naenda Kabingo na mnunuzi, karantini iwepo isiwepo. Yule si mtamba tena, umri huu labda ameshazaa. Namchukua, na ndama wake namchukua. Mzee Yonatani akohoe mpaka apasuke. Sitaki ruhusa yako wala barua yako.

Muhire


Misiera, 23 Oktoba 2025

Muhire,

Hutaki barua yangu, lakini nimemwambia Musoni asimame mlangoni kwako mpaka umalize kuisoma. Nimemlipa kwa hilo. Kaa chini. Kwa mguu ule, kaa kwenye kiti chenye mgongo.

Nani kakuambia sijui fedha?

Bangili ya Mama ilikuwa fedha halisi. Wewe huikumbuki iking'aa, kwa sababu Mama alipokupata wewe alikuwa amechoka kuisafisha. Kabla hujazaliwa, kila alipofukiza vibuyu iligeuka nyeusi, na mimi, msichana wa miaka saba, ndiye niliyekuwa naisugua kwa majivu mpaka vidole vinauma. Kwa hiyo siku ile nilipotia mkono kwenye kibuyu nikaona weusi, nilijua pale pale. Nilijiambia, haya, leo mara ya kwanza maishani mwake huyu mtoto amenunua kitu cha kweli. Halafu nikakaa nikakuandikia uongo. Nikawaita na wanawake wa kwaya makusudi, ili aibu ikushike miguu usiende Kabingo.

Hapakuwa na karantini.

Hakuna mtamba, Muhire. Na hapakuwa na shirika.

Shirika waliandika jina lako kwenye daftari wakasema tungoje. Daktari akasema mguu haungoji, Jumatatu ikifika bila upasuaji, anaukata. Nilianza na bangili ya Mama, nikaiuza palepale Mbarara. Ilitosha picha ya mfupa na dawa za siku tatu, basi. Usinihubirie tena habari za fedha. Mimi nilishauza fedha, nikaona inapoishia. Kisha nikaenda Kabingo.

Mzee Yonatani alilia. Dada hauzi ng'ombe wa mahari wa mdogo wake, tena mdogo wake amelala hajui kitu. Kwetu halifanyiki. Nilijua na nikafanya. Nilimpigia Mzee magoti, akakubali kunyamaza. Ndiyo maana anakohoa ukimpigia, maskini, hajui kusema uongo kama mimi. Mtamba alipanda gari bila kusumbua. Nilishika kamba mpaka mwisho.

Unajua kwa nini sikukuambia? Kabla hawajakuingiza kwa daktari, homa imekupanda, ulinishika mkono ukasema, "Yaya, wakate mguu, mtamba abaki, nitaoa." Mjinga hata kwenye homa! Mguu ndio utakaokupeleka kwa huyo Shimwa, na wewe unataka kutoa mguu ubaki na mahari. Ulipoamka ukauliza nani amelipa. Nikasema shirika. Ukalia kwa furaha, ukasema, "Mtamba wangu amepona." Ningesema nini tena baada ya hapo?

Kwa hiyo Jumamosi usimsumbue mnunuzi. Ng'ombe unayemtafuta hayuko Kabingo. Yuko Biharwe, unasimama juu yake kila asubuhi ukirudisha maziwa ya vibibi.

Nimekucheka mwaka mzima, na kwa matusi niliyokuandikia naomba radhi nusu. Nusu nyingine umestahili. Ukitaka kukusanya sarafu, kusanya. Sina tena kitu cha kukuzuia nacho.

Nyirabahire


Biharwe, 26 Oktoba 2025

Yaya,

Musoni alisimama kweli. Nilimaliza kusoma, nikarudia, yeye bado amesimama, mwishowe akauliza kama kuna maiti. Nikamwambia hakuna, aende.

Kabingo sikwenda. Mnunuzi amenitukana kwenye simu, na nimemwacha amalize.

Sarafu sikusanyi. Usiseme umeshinda, bei ndiyo imenishinda. Ngoga nimemwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Ameniachia niishike kidogo. Ni nzito, Yaya, ni kitu kizuri. Bado nasema Baba angekuwa na kumi kama zile, angekuwa hai. Na bado sijui ningezipeleka wapi siku ile ya mguu, na nani angezinunua kabla ya Jumatatu.

Shimwa nimemweleza kila kitu. Amesema wewe ni mwongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusikia, na anataka kuja kukusalimu. Baba yake ni mtu wa ng'ombe, atapiga kelele, halafu atangoja. Nitaanza upya.

Leo kanisani nilisimama kuliombea shirika kama kila Jumapili. Sikujua nitaje nani, nikakaa.

Februari uliniuliza kama najua rangi yake, nami nikaliruka swali lako nikakuandikia habari za mabunduki. Sijui, Yaya. Nimemuuza mara ngapi kwenye barua hizi, na sikuwahi hata kumwona. Nimekaa na mguu huu juu ya kiti tangu juzi, naushika, na sijui alikuwa wa rangi gani wala mlikuwa mkimwitaje.

Usiniandikie, barua itachelewa. Nipigie simu uniambie. Weka sauti kubwa ukitaka, Misiera isikie.

Mdogo wako,
Muhire